Siku za Bamvua, Kazi Isiyo na Mshahara

Watu wanaojitolea wana neno moja wanalolirudia: ukimsaidia mwenzio, moyo hufurahi. Silikatai. Lakini nimekaa na watu hawa miaka kadhaa sasa, na nimewaona wanaosaidia sana ambao hawana furaha yoyote, wanachoka mpaka wanaichukia kazi na kuwachukia wale wanaowasaidia. Nimewaona pia wanaofanya kazi ngumu zaidi na chafu zaidi, wakarudi nyumbani wepesi, wanacheka njia nzima. Wema wao ni ule ule. Kinachowatenganisha, kwa ninavyoona, ni kazi yenyewe: inamshika mtu, au inamwacha amesimama pembeni akitazama saa?

Naandika nikiwa Mombasa, na kujitolea ninakokujua vizuri ni kupanda mikoko kwenye hori, mkono wa bahari ulioingia bara. Nilianza wakati sina kazi. Nilikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini, na mizigo mingi ilipoanza kupelekwa bara moja kwa moja kwa reli, ofisi ndogo ndogo za mjini zilifungwa moja baada ya nyingine, yetu ikiwemo. Asiye na kazi ana muda mwingi, lakini muda ule haumpumzishi. Unakaa barazani, mwili umetulia, kichwa kinakwenda mbio: kodi ya nyumba, karo, deni la dukani, maneno ya shemeji. Jirani yangu, mzee aliyekata boriti za mikoko ujanani na ambaye sasa anapanda, aliniomba nimsaidie kubeba magunia ya mbegu. Nilikwenda kwa kumheshimu tu.

Kazi ya mikoko huamriwa na bahari. Siku za bamvua, yaani zile ambazo bahari hujaa na kutoka kuliko kawaida, hapa Mombasa maji huweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Yakitoka, tope lote liko wazi, na una saa chache tu kabla hayajarudi. Huwezi kuyaambia yasubiri umalize chai. Ukichelewa umechelewa.

Mbegu ya mkoko nayo si ya kutupwa ardhini ikaachwa. Huchipuka ikiwa bado mtini: chini ya tunda hutoka shina la kijani linaloning'inia, lenye urefu wa sentimita 30 hadi 60, wakati mwingine zaidi. Ukiichuma mapema haitashika. Dalili ya kukomaa ni pete ya manjano pale shina linapoungana na tunda. Basi unazichagua moja moja, zilizotobolewa na wadudu unazitupa, nzuri unaziweka kivulini siku chache ili kaa wasizitamani sana. Kisha unaingia topeni. Ncha ya mzizi chini, kichwa juu, unaisukuma mpaka theluthi yake izame, unapiga hatua moja, unashika nyingine.

Kwa kusimuliwa hivi unaweza kudhani ni kazi ya kulaza akili. Sivyo. Kila hatua ina uamuzi wake. Hapa tope ni laini mno, mbegu italala maji yakija. Hapa pameinuka, maji hayafiki ila kwenye bamvua kubwa, kwa hiyo ni kwao mchu na mkandaa, aina nyingine za miti ya mikoko; mkoko wenyewe utakauka. Kule mbele, kunakopigwa na mawimbi, ni kwake mlilana. Hapa kuna shimo la kaa, sogea kidogo. Na mguu wako mwenyewe umezama hadi gotini, ukiutoa kwa pupa unaanguka na gunia. Jicho, mkono, mguu, vyote viko kazini, na nyuma yako mkondo umeanza kugeuka. Mzee yule hasemi sana. Akiniona nababaika alikuwa akiniambia, "Mwanangu, usitazame ulikobakisha. Itazame hiyo iliyo mkononi."

Siku ile ya kwanza, tulipotoka na kuanza kujiosha, niligundua kwamba asubuhi yote sikuwa nimeiwaza karo hata mara moja. Haikuwa imelipwa. Ilikuwa pale pale ilipo. Lakini kwa saa zile kadhaa haikunipata, na niliporudi kuikabili sikuwa yule mtu aliyekaa barazani jana yake.

Baadaye nilitafuta wanaolielewa jambo hili kunishinda. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria aliyefanya kazi Marekani na kufariki mwaka 2021, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwauliza watu ni lini hasa huzama katika jambo wanalolifanya. Aliwauliza wapanda milima, wachezaji wa sataranji, madaktari wa upasuaji, wachoraji. Majibu yao yalifanana kuliko mtu angetarajia: kazi iwe ngumu kiasi cha kuutaka ujuzi wote ulio nao, lakini isikushinde, lengo lake liwe wazi, na ukikosea au ukipatia ujue hapo hapo. Hayo yakikutana, mtu hupoteza habari za saa na habari zake mwenyewe pia. Nilipoyasoma nilijiona niko topeni. Mbegu imesimama au imelala, unaona. Ni rahisi leo kuliko jana, unahisi.

Utafiti mwingine ulinigusa zaidi, kwa kuwa unaeleza baraza langu. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu zao, saa yoyote ya mchana: unafanya nini sasa, unawaza nini, una furaha kiasi gani? Ilionekana kwamba karibu nusu ya muda, asilimia 46.9, akili za watu hazikuwa kwenye kile wanachokifanya, na kwamba furaha yao ilikuwa ndogo akili ikitangatanga kuliko ikiwa imetulia kwenye jambo lililo mbele yao. Fikiria sasa mtu aliyepoteza kazi, asiye na kitu cha kuishika akili yake kuanzia alfajiri mpaka usiku.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mahubiri ya kawaida kuhusu kujitolea. Tunaambiwa toa, utapata baraka. Sawa. Ila mtu anaweza kutoa huku akili yake iko mbali kabisa, na kutoa kwa namna hiyo hakumfikii sana yeye, na mara nyingi hakumfikii hata anayepewa.

Ushahidi wangu ni tarehe 26 Julai. Ni siku ya kimataifa ya mikoko, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2015, na ni jambo jema kwamba ipo. Kila mwaka ikikaribia tunapata wageni: ofisi hii, shirika lile, fulana mpya zilizochapishwa, kofia, spika, mpiga picha. Wanakuja watu wazuri kabisa, wenye nia safi. Lakini wamepangiwa saa moja, hotuba zimekula nusu yake, na hakuna aliyewaeleza chochote zaidi ya "chukua hii, choma hapo". Mbegu zinapandwa kichwa chini. Zinapandwa zote pale pale karibu na njia, ambapo picha inatoka vizuri, pawe pa mkoko au pasiwe. Mgeni mmoja anashika mbegu, anatabasamu, anapigwa picha, anaangalia simu, anauliza basi linaondoka saa ngapi. Anaondoka vile alivyokuja. Na tukirudi baada ya mvua, mstari ule tunaukuta umekufa karibu wote.

Kwa hiyo kule kutozama kunaua vitu viwili mara moja. Mche unakufa kwa sababu hakuna aliyeutazama vya kutosha kujua mahali pake, na mtu anakosa furaha kwa sababu ile ile. Mimi sidhani kwamba mambo haya mawili yamekutana kwa bahati. Umakini unaomfaa mche ndio huo huo unaomfaa aliyeupanda.

Si hapa kwetu tu. Mikoko imepandwa kwa maelfu katika nchi nyingi za joto ikafa, na sababu inayotajwa mara nyingi ni hiyo ya kuchagua aina moja iliyo rahisi kupanda na kuiweka mahali isipoota kwa asili yake. Na ukitaka kuona kinyume chake nenda Gazi, kule Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine haikuota tena yenyewe. Mwaka 1991 watafiti, akiwemo James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, walianza kupanda kwa majaribio pamoja na wanakijiji. Walijaribu aina hii hapa, aina ile pale, wakatazama, wakahesabu, wakarudia. Mwaka 2013 juhudi hizo zilizaa mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, yaani unalipwa kwa hewa ile ambayo mikoko inaifyonza na kuizuia. Fedha haziingii mfukoni mwa mtu mmoja mmoja. Huenda kwenye mambo ambayo wanakijiji wenyewe wamekubaliana, kama maji na shule.

Wengi huusimulia mradi ule kwa fedha zake. Kinachonivutia mimi ni ile miaka zaidi ya 20 kati ya mche wa kwanza wa majaribio na shilingi ya kwanza. Watu hawakai na tope muda wote huo kwa kuhubiriwa. Wapo huko mama na wazee wanaoujua mti kwa gome, kwa jani, kwa mzizi wake unavyotokeza, wakakwambia huu ni muia, huu ni mkandaa, huu ni mkomafi, na palikuwaje kabla. Ujuzi wa namna hiyo ni mali, na mwenye nao hafikirii kwamba anapoteza wakati wake.

Lazima niseme jambo dhidi ya hoja yangu. Huenda wenye furaha ndio wanaojitolea, na wasio nayo hubaki nyumbani. Peggy Thoits na Lyndi Hewitt walilichunguza hilo huko Marekani kwa kuwafuatilia watu wale wale kwa muda, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waliona njia zote mbili ziko wazi: wenye hali nzuri ya moyo hujitolea zaidi, na kujitolea nako huwaongezea hali hiyo. Naliamini hilo kwa ninayoyaona kikundini. Kuna kijana wetu mmoja ambaye angekuwa mchangamfu hata ukimfungia ghalani. Lakini kuna wengine, na wao ndio ninaowaandikia hasa, waliokuja wakiwa wamevunjika: mjane, mstaafu aliyekosa wa kumwamkia asubuhi, kijana aliyemaliza chuo na vyeti vyake vimekunjamana kwa kubebwa ofisi hadi ofisi. Wengi wao ninaona walivyobadilika.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2012 na kuwahusu watu wa jimbo la Wisconsin waliofuatiliwa tangu walipomaliza shule miaka ya 1950, ulionyesha kwamba wazee waliojitolea kwa kuwajali wengine waliishi muda mrefu kuliko wasiojitolea, ilhali waliojitolea kwa ajili ya kujifaa wenyewe hawakuwa na tofauti na wasiojitolea kabisa. Hili limenifanya niwe mwangalifu hata katika kuandika makala hii. Nikikwambia nenda kapande mikoko upate furaha, nimekupa kitu cha kuwaza kisicho mkoko. Utakuwa topeni unajipima: nimefurahi? bado? Akili imeshaondoka kwenye mbegu, na kile ulichokifuata kimeondoka nayo.

Mama mmoja kikundini, sote tunamwita Shangazi, hana haja ya tafiti hizi. Yeye ni mpishi wa misibani. Mtaani kwetu mtu akifariki, kabla hata mwili haujatoka hospitali, Shangazi ameshatuma watu wa sufuria, wa kuni, wa kumenya vitunguu. Anawapikia mamia kwa siku tatu bila kulipwa, na ukimtazama wakati wali unakaribia kuiva hutaki kumsemesha. Anasikiliza sufuria. Anapunguza kaa la moto huku, anafunika kule, anamkemea kijana aliyekoroga. Aliwahi kuniambia kwamba alipofiwa na mumewe ndugu walimkataza kuingia jikoni, akae ndani na wafiwa, na kwamba zile ndizo siku zilizomuuma kuliko zote. Arubaini ilipofika akakataa, akapika mwenyewe. "Nilipata pa kuiweka mikono," alisema. Watu wetu walikuwa na haya kabla ya mtu yeyote kuyaita kazi za kujitolea na kuyatolea vyeti: kupika msibani, kuvuta nyavu pamoja, kuezeka nyumba ya jirani, msaragambo kule Tanga na Upare. Kila mmoja alipewa kazi aliyoiweza, na mtoto alianzia kwenye kuchota maji akapanda taratibu hadi kwenye sufuria.

Lakini kuna jambo siwezi kuliruka, maana linaniumiza. Katika nchi zetu kujitolea kumekuwa pia jina la kumtumia mtu bure. Kijana ana diploma, anafundisha shuleni au anashinda ofisini miaka bila mshahara, anaambiwa anajitolea, nafasi ikitokea atafikiriwa. Nauli anajilipia, chakula cha mchana anapitisha. Huyo usimwambie habari za kuzama kazini. Hata kazi ikimshika, njaa itamkumbusha. Hapa Kenya watu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wajawazito, wagonjwa na watoto walifanya hivyo kwa kujitolea kwa miaka mingi, wengi wao bila malipo ya uhakika. Ilifika 2023 ndipo serikali ikawatambua zaidi ya 100,000 kwa cheo kipya cha wahamasishaji wa afya ya jamii, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kazi yao haikupungua utamu kwa kulipwa. Anayesema malipo yataharibu moyo wa kujitolea, mara nyingi yeye mwenyewe ana mshahara.

Nami mikoko haikunipatia kazi wala haikunilipia karo. Kazi niliipata baadaye kwa njia nyingine, ya kuweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, na ndiyo inayotulisha. Topeni nakwenda siku za mapumziko bamvua likiangukia humo. Kile mikoko ilichonipa ni kwamba nilifika kwenye usaili nikiwa mtu aliyelala usiku.

Tena kuzama kunaweza kuwa pa kujificha. Wapo wanaume, na wanawake pia, walio kwenye kila kamati: ya msikiti, ya shule, ya mazishi, ya mazingira. Watoto wao huwaona usiku. Huko nje ni watu wa kusifiwa, nyumbani kuna mazungumzo wanayoyakimbia mwaka wa tatu sasa. Hao siwezi kusema wana furaha, ingawa kazi inawashika kwelikweli. Kikundi chetu kina mtu wa namna hiyo, na mzee alimfanyia jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alimwambia bamvua lijalo asije, na kama anataka sana kuja, aje na mwanawe. Walikuja wawili. Mtoto ndiye aliyeziona mbegu zilizotobolewa ambazo sisi wazima tulikuwa tumezipita.

Hivi karibuni tumebadili namna ya kupokea watu. Mgeni hapewi tena mbegu moja ya kupiga nayo picha. Anapewa ukanda wake, kipande cha tope chenye vigingi, anaelezwa maji yanafika wapi na kwa nini, anapanda mwenyewe, na kuanzia hapo ukanda ule ni juu yake: kuondoa taka za plastiki zinazosongwa na maji, kukwangua viumbe wa baharini wenye magamba wanaoganda kwenye mashina na kuyalemea, kuhesabu iliyokufa, kujazia. Ofisi zinazotaka siku moja tu tunaziambia waje mara tatu au wasije. Nyingi zilikasirika, na fulana tulizikosa. Moja ilikubali. Tulianza nao basi zima, wakapungua, wakabaki wachache.

Mmoja wa hao waliobaki ni dada mhasibu ambaye siku ya kwanza alikuwa haachi simu. Wiki iliyopita alibishana na mzee hadharani. Yeye anasema sehemu ya juu ya ukanda wake ibadilishwe iwe ya mchu, kwa sababu amefuatilia mabamvua kadhaa na maji hayakai pale vya kutosha. Mzee anasema pale pameinuliwa na mchanga ulioletwa na mvua za mwaka jana, nao utaondoka. Walisimama na kubishana mpaka maji yakawafikia magotini, tukawaita mara mbili watoke. Dada ameshaanza kukusanya miche ya mchu na kuipanda kwenye mifuko nyuma ya nyumba yake, na mzee amekubali ajaribu nusu ya ukanda.